Nyumba zaidi ya mia, geti moja, paini pande zote: naombeni ushauri (Mufindi)

Mke_wa_Mufindi:
Kamwene wakuu. Tunaishi huku Mufindi kwenye viwanja ambavyo vilianza kama sehemu ya mapumziko, kuna hoteli, nyumba za wageni, halafu sisi tunaoishi moja kwa moja. Tulivyohamia tulikuwa nyumba kumi na kitu, sasa hivi tumepita mia na ukumbi wa harusi juu yake, wikiendi magari yanapaki mpaka njiani. Barabara ni ile ile moja ya vumbi, inapita katikati ya paini, inavuka daraja la magogo, inafika getini basi.

Mwaka jana mwezi wa kumi mtu alikuwa anasafisha shamba akachoma mabaki, upepo ukaubeba moto ukaingia kwenye paini upande wa chini. Jumamosi hiyo, na harusi ipo. Jamani. Wenyeji tunatoka, wageni wanatoka, fuso la matenti nalo linatoka, wote geti moja na gari la zimamoto linataka kuingia, likakaa nje karibu nusu saa. Mimi nilikuwa na mama mkwe, ana miaka 78, hatembei bila fimbo, nikamfungia vioo vya gari moshi ukawa unaingia vile vile, nikashuka kuwabembeleza watu wasogeze magari huku naskia anakohoa. Tulipona kwa sababu upepo ulitulia na vijana wa kijijini walipiga moto kwa matawi mabichi.

Nyuma kuna njia ya zamani ya kutolea magogo, inatokea kwenye mashamba ya chai. Imefungwa mnyororo na kuna mtu kaanza kushusha tofali. Kikaoni nikasema ifunguliwe, majirani wakanigeuka, eti wezi watapita huko, na wao walinunua huku kwa sababu ya geti moja. Mwenye mradi anasema tusubiri awamu ya pili. Sasa mwezi wa sita huu, nyasi zishaanza kukauka. Nifanyeje?

Panga_na_Koleo:
Pole dada. Nimefanya kibarua cha kuzima moto kwenye msitu wa Sao Hill misimu mitatu so nakwambia nilichokiona. Moto unapanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kama nyumba zenu ziko juu na paini iko chini hamna muda wa kupanga foleni. Paini ina utomvu na zile sindano zilizokauka chini ni kama petroli. Siku barabara imeziba usilazimishe gari kupita katikati ya msitu, ni hatari kuliko kubaki. Tafuteni sehemu ya wazi, uwanja wa mpira uliofyekwa au hilo shamba la chai maana chai ni mbichi, na watoto waonyeshwe mapema kwa miguu. Muanze kufyeka na kusafisha njia za kuzuia moto sasa hivi, msisubiri mwezi wa tisa.

Bikoni_Nne:
Kabla hujagombana na mtu nenda halmashauri, idara ya ardhi, omba kuona mchoro wa mipangomiji na ramani ya upimaji ya eneo lenu. Kama ile njia imechorwa ni barabara, pale hakuna kiwanja cha mtu, na huyo wa tofali asimamishwe kabla hajafika kwenye lenta, akishapaua itakuwa kesi ya miaka. Kama haijachorwa ndio mkae na mwenye mradi na serikali ya kijiji muombe njia. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji usiende peke yako.

Kufuli_la_Solex:
Mimi niko upande wa majirani kidogo. Mtu aliyewahi kuvunjiwa nyumba usimwambie habari ya kufungua njia ya nyuma, hatakusikiliza.

Mke_wa_Mufindi:
Mkuu nakuelewa, jirani yangu aliibiwa pampu mwaka juzi. Ila tufe kwa kuogopa wezi?

Kufuli_la_Solex:
Hapana dada, namaanisha usiseme "tufungue", sema "tuweke geti la pili". Linafungwa siku zote, funguo nne: mlinzi, mwenyekiti, nyumba ya mwisho na hotelini. Na mkasi wa kukatia vyuma utundikwe hapo kwa mlinzi maana funguo hupotea. Hapo watakuelewa.

Uyole_Baridi:
Ugonile dada. Niko Mbeya, Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka likafukia nyumba kule Itezi, ni mvua tu ile, hakukuwa na moto. Masika daraja lenu likibebwa na maji mjamzito anayeumwa usiku anapita wapi? Kwenye kikao anza na hilo, moto watu wanausahau ukizimika. Halafu gari la zimamoto likiwa na lita 5,000 maji peke yake ni tani tano, hujahesabu chuma. Hayo magogo yanabeba?

Panga_na_Koleo:
Hapo kwenye daraja umesema kweli. Dada waiteni Zimamoto waje wakague, hoteli na ukumbi wanatakiwa kuwa na cheti cha usalama wa moto, waulizeni kama kipo. Bwawa la kuogelea nalo ni maji, waonyesheni gari linafikaje pale. Na namba 114 iandikwe kwa rangi getini.

Mke_wa_Mufindi:
Wakuu nimerudi. Nimeenda ardhi na mwenyekiti, mchoro tumeuona, njia ipo, mita kumi, imeandikwa barabara kabisa. Nilikaa kwenye benchi pale nikalia. Mwenye tofali kapewa barua, kasema aliuziwa, namuonea huruma kwa kweli maana kaweka hela yake yote pale. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Nitaanza na mjamzito, halafu geti la pili na funguo nne. Bwawa nimeenda kulipima, gari kubwa haliwezi kukata kona ya jikoni hotelini mpaka ua uvunjwe.

Swali la mwisho: usiku mtandao huku haushiki, watu wa nyumba mia tutawaamshaje?

Panga_na_Koleo:
Ringi la lori, litundikeni kwenye mti katikati, mtu aligonge kwa chuma. Sisi kambini tulikuwa tunalisikia mpaka bondeni. Kubalianeni tu mlio wa hatari usifanane na wa kuitana kwenye msiba.