Pampu 8 kati ya 14 hazifai: tuibaneje wilaya izitengeneze?

Mwanachuo_Gulu
Habari zenu wadau. Sisi ni wanafunzi 22 wa afya ya jamii hapa Gulu, Uganda. Tunafuatilia maji katika sabukaunti (kata) moja yenye pampu za mkono 14. Tano zimekufa kabisa. Tatu zinatoa maji mekundu, chai inageuka nyeusi na nguo nyeupe zinaharibika, kwa hiyo watu wamerudi kuchota kinamasini. Tumekusanya sahihi 600 na tunataka kuzipeleka wilayani wiki ijayo. Wenzetu wengine wanataka tuandamane. Mfukoni tuna shilingi 900,000. Tufanye nini ili pampu zitengenezwe kweli? Na maji tuyapime vipi?

KaraniWaBajeti
Sahihi zihifadhini kwanza. Afisa maji wa wilaya anajua kwamba watu hawana maji. Asichokuwa nacho, mara nyingi, ni orodha ya mwezi huu: pampu ipi, kijiji gani, ilikufa lini, kimeharibika nini, watu wangapi wanaitegemea. Kipimo cha serikali ni watu 300 kwa boholi moja (kisima kirefu chenye pampu), basi hesabuni kaya na mwandike idadi halisi.

Halafu angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mkutano wa bajeti wa wilaya huitwa Oktoba au Novemba, na bajeti hupitishwa kabla ya Mei kwisha. Ukienda Juni na hoja nzuri utasikilizwa kwa heshima, lakini pesa zimeshagawanywa. Anzieni kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kila kijiji, awape barua yenye muhuri, kisha parokia (ngazi ya utawala juu ya kijiji, si ya kanisa), kisha ofisi ya sabukaunti, ili ombi lipande wilayani likiwa la wananchi wenyewe. Wilayani kuna kamati ya uratibu wa maji na usafi inayokutana kila robo mwaka. Ombeni dakika kumi pale. Zina uzito kuliko maandamano ya siku nzima.

Pia tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Andikeni barua mkiomba orodha ya pampu zilizopangiwa ukarabati mwaka huu na kiasi kilichotengwa. Ofisi ina siku 21 kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Bila muhuri huo, siku 21 hazina mwanzo.

Fundi_U2
Msiandike "imeharibika" peke yake. Hilo halimsaidii mtu kupanga pesa. Karibu pampu zote za vijijini Uganda ni za aina ya U2 au U3, na mwanafunzi anaweza kuzikagua bila kufungua hata nati moja.

Cha kwanza, pigeni mipigo 40 kwa dakika moja, maji yaingie kwenye jerikani la lita 20. Pampu nzima hutoa lita 15 hivi au zaidi. Ikitoa lita 8, washa (mipira ya kuziba) za silinda zimelika. Cha pili, pampuni mpaka maji yatoke vizuri, iacheni dakika 30 bila kuguswa, kisha hesabuni mipigo kabla maji hayajarudi. Ikizidi mitano, maji yanashuka: ama vali ya chini haifungi, ama bomba lina tundu. Mpini ukiwa mwepesi ghafla na hakuna tone, fito zimekatika au zimeachana. Mpini ukiyumba upande, ni beringi.

Jueni pia tofauti hii, maana ndiyo inayobadilisha gharama: kwenye U2, kubadilisha washa ni lazima uvute mabomba yote juu, kila moja mita 3, kazi ya watu kadhaa na vifaa vya kunyanyulia. Kwenye U3 unavuta fito tu.

Kuhusu maji mekundu, chukueni sampuli alfajiri kabla mtu hajachota, na nyingine baada ya kupampu mfululizo saa nzima. Ya pili ikiwa haina rangi, chuma kinatoka kwenye mabomba yaliyoliwa na kutu. Ikibaki nyekundu vilevile, chuma kimo ardhini, na kubadilisha mabomba ni kupoteza pesa. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huliwa haraka pale maji yana asidi, yaani pH chini ya 6.5. Ndiyo maana wizara ya maji ilisimamisha matumizi yake kwenye boholi mwaka 2016. Kwa hiyo ombeni chuma kisichoshika kutu, na mwandike hivyo waziwazi, la sivyo mtarudishiwa bomba lilelile na baada ya miaka michache rangi itarudi.

MaabaraYaMaji
Kwa bajeti yenu tumieni chupa za H2S: jaza maji, acha pahali pa joto saa 24 hadi 48, yakigeuka meusi kuna uchafu wa kinyesi. Hazitoi idadi, na maji yenye harufu ya yai viza yanaweza kuzidanganya. Kwa hiyo zile zitakazogeuka nyeusi, rudieni sampuli mpeleke maabara kuhesabu E. koli (bakteria wa kinyesi). Kiwango ni sifuri katika mililita 100.

Sampuli nyingi huharibiwa na mchukuaji mwenyewe. Futa mdomo wa pampu, uuchome kwa moto, pampu dakika 5, fungua chupa ya maabara bila kugusa ndani ya kifuniko, iweke kwenye kasha la baridi lenye barafu. Ifike maabara ndani ya saa 6. Saa 24 ndiyo mwisho kabisa.

Na pimeni pia jerikani nyumbani. Maji safi kisimani huchafuka njiani na ndani ya mtungi, na mkikosa takwimu hiyo mtailaumu pampu isiyo na kosa.

Mwanachuo_Gulu
Asanteni sana, hili la alfajiri hatukulijua kabisa. Majibu yakitoka mabaya, tuyatangaze redioni?

Afya_Kata
Hapana, dada au kaka. Kwanza mwambieni mwenyekiti wa LC1, kamati ya maji na VHT (wahudumu wa afya wa kijiji), siku hiyohiyo, pamoja na la kufanya. Ukitangaza "maji yana kinyesi" bila maelekezo, watu wataihama pampu waende kinamasini, kubaya zaidi. Maelekezo yawe haya: chemsheni mpaka yatokote, au kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa jerikani la lita 20, subiri dakika 30. Maji mekundu yatulie usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa, ndipo yatiwe klorini, kwa sababu chuma huimaliza.

Mkiuliza kaya habari za kuhara kwa watoto, huo ni utafiti wa watu. Pateni kwanza kibali cha kamati ya maadili ya chuo. Takwimu za kuhara za kituo cha afya cha karibu ombeni kwa mkuu wa kituo, kwa mwezi, bila majina.

Jambo moja limesahaulika hapa: nani hachoti hata pampu ikiwa nzima? Kwenye kila pampu andikeni kaya zilizofungiwa kwa kukosa ada ya mwezi, wajane, wazee, wasioweza kutembea. Safari ya kwenda, foleni na kurudi ikizidi dakika 30, iandikwe. Ombeni kamati iweke msamaha wa ada kwenye sheria ndogo zake, na uandikwe kwenye kitabu cha kamati kabla fundi hajaletwa.