Tupeane uzoefu: skatingi za mbao tulizofunga na kupaka wenyewe hapa Mwanza

Wakuu, nipo Buhongwa. Plasta na sakafu ya sementi vimekauka, nataka kufunga skatingi za mbao (zile mbao nyembamba za chini ya ukuta, juu ya sakafu) sebuleni kwa mkono wangu na kuzipaka rangi nyeupe ya mafuta. Aliyewahi kufanya atueleze yaliyomkuta, hata kama aliharibu.

Wa Nyegezi: Mimi niliharibu. Nilinunua paini mbichi, nikafunga siku ileile. Baada ya miezi miwili mbao zilisinyaa, kona zikaachia hadi kidole kinapita. Nilipong'oa na kuanza upya, nilizilaza wiki mbili chumbani humohumo, vijiti katikati hewa ipite, ndipo nikapima na kukata. Huu mwaka wa tatu hazijaachia.

Wa Kirumba: Angalia wadudu wa ziwani, mkuu. Nilipaka jioni, taa inawaka, madirisha wazi harufu ya thina itoke. Wakaingia kama moshi. Rangi ya mafuta hukaa mbichi saa nyingi, kwa hiyo asubuhi ukuta mzima chini ni madoa meusi yaliyonasa. Iliniuma sana. Nilisubiri ikauke, nikapiga msasa yote. Siku hizi napaka asubuhi, tena mbao zikiwa bado hazijafungwa: praima (rangi ya msingi) pande zote, hata mgongo unaoelekea ukutani, maana unyevu wa ukuta hupitia huko. Kisha mkono mmoja wa rangi. Wa mwisho unakuja baada ya kufunga na kuziba vichwa vya skrubu kwa pati, ile dawa ya kujazia matundu.

Wa Bugarika: Usiamini kukata ncha za mbao kwa nyuzi 45 kwenye kona za ndani, kuta zetu hazijanyooka hivyo. Mbao ya kwanza iende hadi ukutani. Ya pili ichonge kwa msumeno mwembamba ifuate umbo la uso wa ile ya kwanza. Inabana vizuri mno.

Wa Igoma: Misumari ilibandua plasta yangu. Toboa ukuta, weka plagi (kile kidude cha plastiki cha kushika skrubu), funga skrubu.

Mleta mada: Nawashukuru sana. Na mchwa? Huku kwetu wapo.

Wa Nyegezi: Dawa inapakwa kwenye mbao tupu, ikikauka kabisa ndipo praima. Na mbao isikanyage sakafu: tanguliza kipande cha kadibodi chini, funga, kisha kichomoe. Ukideki, maji hayatapanda kwenye mbao.