Tupeane uzoefu: mazungumzo ya amani ya Burundi yalikukuta wapi?

Mbeba Trei

Wakuu, salaam. Tangu serikali ya Kongo na waasi wa M23 waanze kukutanishwa Doha, vijana wangu hapa nyumbani kila siku wananiuliza mbona hawa watu hawamalizi. Nawajibu kwamba nyie hamkuiona Arusha.

Mimi niliiona, ila si mezani. Nilikuwa mhudumu kwenye hoteli moja mjini (sitaitaja) tangu mazungumzo ya Burundi yaanze Juni 1998 mpaka Agosti 2000. Wajumbe wanalala kwetu, asubuhi wanapelekwa AICC, kile kituo cha mikutano. Pande 19, jamani! Serikali, bunge na vyama 17. Mwanzoni niliwajua kwa vinywaji, baadaye nikawajua kwa meza. Kuna waheshimiwa hawakuweza kunywa chai chumba kimoja: huyu akiingia, yule anakumbuka ana simu ya kupiga. Sisi wa jikoni tulijua kikao kimeendaje kabla redio haijasema. Wakirudi wamechanganyika kwenye basi, kuna kitu kimesogea. Wakirudi kila kundi kivyake, meza kubwa tunaivunja tunapanga zile ndogo.

Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999 tulidhani ndiyo basi, biashara imekwisha (nisamehewe, lakini wengine tuliwaza mishahara). Akaja Mandela. Januari 2000 aliwasema viongozi wale hadharani, mbele ya kamera, kama mjomba anavyowasema wapwa waliogombana msibani. Jioni ile bia ziliagizwa kama kawaida, ila ukumbi ulikuwa kimya, unasikia vijiko.

Siku ya kusaini, tarehe 28 Agosti, Clinton yupo mjini, marais wapo, na bado kuna vyama vinagoma. Chakula tulikipasha moto mara tatu. Wengine hawakusaini siku hiyo, waliongezeka Septemba. Na wenye bunduki hasa, waasi wa CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hawakuwamo kabisa kwenye saini zile.

Haya, nyie mlikuwa wapi?

Kuli wa Kigoma

Bandarini, mzee wangu, nimekaa juu ya gunia tupu. Buyoya alipopindua serikali ya Burundi Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea vikwazo, na mizigo ya Bujumbura ndiyo ilikuwa ugali wetu. Mchana bandari imelala. Usiku maboti ya mbao yanaondoka na madumu ya petroli, na waliotajirika kwa madumu yale bado wana maghorofa hapa mjini. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Wasomi wanasema ndivyo vilivyomleta Buyoya mezani. Inawezekana, lakini mimi ndiye niliyeuza baiskeli.

Mwana wa Mtabila

Nilikuwa kambini Mtabila, wilaya ya Kasulu. Tuliingia Tanzania baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mimi mtoto wa miaka minane.

Baba yangu alikuwa na sheria moja: hapandi kitu kinachokaa ardhini zaidi ya msimu. Maharage, mchicha, mahindi kidogo pembeni ya nyumba. Jirani alimpa chipukizi la mgomba akakataa. Alisema mgomba unamfunga mtu, ukishaupanda unaanza kuusubiri, na sisi si wa hapa. Kutoka kwenda mbali hatukuruhusiwa, mwisho kilomita 4 kutoka kambini, kwa hiyo kibustani kile ndicho kilichokuwa dunia yake.

Redio tulikuwa nayo moja kwa nyumba sita, betri tunachangiana na kuzianika juani zikichoka. Jina la Arusha tulilijua kuliko jina la mkoa tuliokuwamo. Wazee walimwita Mwalimu, kisha Mandela, *umuhuza*, yaani anayewakutanisha watu. Usiku wa Agosti 2000 redio iliposema wamesaini, kambi ililipuka. Ngoma, vigelegele, kuna mama alianza kufunga sufuria zake usiku uleule.

Asubuhi nikamkuta baba anachimba shimo. Amekwenda kwa jirani kuomba lile chipukizi. Mama akamuuliza kama amechanganyikiwa, watu wanasema tunarudi! Akajibu bila kuinua kichwa: «Niliwasikiliza majina yote. Aliyetupigia risasi sisi hayumo.»

Alikuwa sahihi, na niliuchukia usahihi wake. Tulikula ndizi za mgomba ule. Desemba 2002 CNDD-FDD walisaini kusitisha vita, hakutikisika. Novemba 2003 Rais Ndayizeye na Nkurunziza, kiongozi wa CNDD-FDD, wakasaini Dar es Salaam. Baba akauliza swali moja tu, nani kapewa jeshi. Aliposikia wapiganaji wanaingizwa jeshini, na kwamba kabila moja halitazidi nusu ya jeshi, hakusema kitu. Msimu ule hakupalilia. Mwaka uliofuata tukapanda malori ya UNHCR, tukatokea Manyovu hadi Mugina. Shamba letu tulilikuta lina mtu, ila hiyo ni thread nyingine na nikiianza sitalala.

Mama Chapa

Mimi nilikuwa napiga chapa nyaraka, Kifaransa upande huu, Kiingereza upande ule. Msiwasahau akina mama wa Burundi. Hawakuwa na kiti, walikaa koridoni wakimvizia kila mjumbe anayetoka msalani. Julai 2000 wakapewa mkutano wao hapohapo Arusha. Walitaka asilimia 30 ya nafasi za uongozi. Karatasi ile niliichapa mwenyewe mara nne. Ilikuja kuingia kwenye katiba ya 2005.

Wa Milimani

Mimi nilikuwa FNL, milima ya juu ya Bujumbura. Arusha kwetu ilikuwa habari ya watu wenye tai. Wakubwa wetu walisaini Dar es Salaam Septemba 2006, tukaambiwa tusubiri. Aprili 2008 tukaambiwa tupige tena. 2009 tukakusanywa, tukatoa silaha. Pesa niliyopewa nilinunua baiskeli, nikawa nateremsha ndizi mjini. Breki ni kandambili.

Binti Buyenzi

Wewe kaka, Aprili 2008? Basi ni wewe uliyetulaza chini ya kitanda na bibi yangu mwenye miaka 80.

Wa Milimani

Ni mimi au mwenzangu, dada. Usiku huwezi kujua kombora limeanguka wapi. Bibi alipona?

Binti Buyenzi

Alipona. Alifariki baadaye kwa presha. Na ndizi zako labda tulizila.

Muntu wa Goma

Mie niko Goma. Jina ya M23 yenyewe ni tarehe ya mkataba: 23 Machi 2009, walisaini hapa hapa mu muji yetu. Kisha Nairobi, Desemba 2013. Sasa Doha. Mukisema «wamesaini», siye tunauliza: ya ngapi?

Mbeba Trei

Muntu wa Goma, sina jibu, pole sana. Mwana wa Mtabila, nimerudia kusoma yako mara mbili. Mzee yupo?

Mwana wa Mtabila

Yupo, yuko Makamba, macho tu yamepungua. 2015 mambo ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, aliyekuwa rais, yalipochafuka, mdogo wangu alikimbia na familia, akaishia Nyarugusu, Kasulu ileile. Mzee alilia siku nzima. Kisha akaniomba nimpigie simu. Hakumuuliza habari za Bujumbura, wala nani anasuluhisha safari hii. Alimuuliza amepanda nini.

Akasema maharage.

«Sawa,» mzee akasema, akanirudishia simu.