Mjomba hanisemeshi tangu uchaguzi wa kitongoji

Mpwa wa Newala:
Wakuu, habari za jioni. Hili jambo linaninyima usingizi. Novemba 27, 2024 niligombea uenyekiti wa kitongoji huku kwetu, mjomba wangu naye akasimama kwa chama kingine. Nikamshinda kwa kura 9. Tangu siku ile hanisemeshi. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye ukoo. Huyu ndiye aliyenipeleka jandoni. Wiki iliyopita, kwenye arobaini ya bibi, nimemwamkia shikamoo mbele za watu. Akawa anakunja pembe ya mkeka na kuikunjua, anakunja na kuikunjua, mpaka nikaondoka.

Wazee wa zamani wangetukalisha, mimi ningempisha, yakaisha. Hivi sanduku la kura linatufaa kweli watu wa tumbo moja?

Mzee wa Kitangari:
Pole mwanangu. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipita kukusanya maoni. Karibu watu 8 katika kila 10 walitaka chama kimoja kiendelee, lakini 1992 sheria ya vyama vingi ikapita, na Mwalimu mwenyewe aliunga mkono mabadiliko. Kura tulishaizoea. Tulichoogopa wengine ni huko kununiana msibani.

Binti wa Tandahimba:
Shikamoo mzee. Naomba niseme. Wazee wakikaa chini ya mwembe, mama yangu alikuwa jikoni anawapikia, anangoja kuambiwa walichoamua. Ukoo tunauhesabu kwa mama, ila msemaji ni mjomba. Siku ile nilivaa kanga ya chama cha mume wangu, nikaingia kwenye kituturi peke yangu, nikachagua ninayemtaka. Mpaka leo hajui mtu. Hata baraza la ardhi la kijiji, sheria ya 1999 inataka watu 7, wanawake wasipungue 3. Ule mwembe haukutuwekea hata nafasi moja. Kaka, usiilaumu kura. Mfuate mjomba.

Mpwa wa Newala:
Dada, sikuwahi kuwaza hivyo. Huenda hizo 9 ni za akina mama wa huku, na wao siwezi kuwarudisha jikoni ili mimi nipatane na mjomba. Ila yeye namhitaji. Huu ni msimu wa kupuliza salfa na mgongo wake haubebi tena ile mashine. Kesho alfajiri nitakuwa kwenye mikorosho yake kabla hajaamka. Nitaanzia upande wa barabarani, anionee dirishani.