Naomba ushauri: panya wa spishi moja, rangi mbili
Wakuu, habari zenu. Nafundisha baiolojia kidato cha sita na nimekwama kwenye uteuzi asilia. Mfano wangu ni Chaetodipus intermedius, panya mdogo wa jangwani kule Marekani. Penye miamba ya rangi hafifu ana rangi ya mchanga. Penye miamba myeusi ya lava, mgongo ni mweusi tii, ila tumbo hubaki jeupe. Bundi humnyakua anayeonekana. Hapo wanafunzi wananielewa vizuri kabisa.

Shida inaanza hapa: weusi wa panya wa eneo la lava la Pinacate, Arizona, unatokana na mabadiliko kwenye jeni ya Mc1r (inayochangia rangi ya manyoya), lakini wenzao wa New Mexico hawana mabadiliko hayo. Weusi ule ule, njia tofauti! Nianzie wapi kuwaeleza bila kuwachanganya? Nina kipindi kimoja tu.