Mikono inawasha tangu nianze kuchambua makopo

Mama Wawili: Habari zenu wakuu. Nipo Vingunguti, tangu Januari nachambua makopo yadi: chupa za maji huku, madumu kule, vifuniko kwenye kiroba chake. Tunalipwa kwa kilo. Wiki ya tatu mikono ikaanza kuwasha, usiku ndiyo balaa. Vikatoka vipele vya maji, sasa katikati ya vidole kumepasuka, hata kukata nyanya ni shughuli. Ndimu sithubutu. Duka la dawa walinipa ya fangasi, wiki mbili napaka, wapi! Mama mkwe anasema nimekanyaga kitu. Hizi plastiki zinaweza kuleta mzio? Glavu navaa kila siku, zile nzito za mpira.

Kaka wa Kliniki: Pole dada. Vipele vinaishia wapi?

Mama Wawili: Kwenye kifundo cha mkono, glavu inapoishia. Kama mtu kapiga mstari.

Kaka wa Kliniki: Basi naanza kushuku glavu kabla ya chupa. Plastiki iliyokwisha kuwa chupa ni nadra kuleta mzio wa ngozi. Ila mpira wa glavu hutiwa kemikali kiwandani ili ukaze, na hizo zinawakataa watu wengi. Muwasho wake huja baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana hukushtukia. Jasho la humo ndani nalo linachangia. Jaribu glavu za vinaili, ndani uvae za pamba (kichekesho, unakimbilia plastiki). Kipimo kipo: unabandikwa vibandiko mgongoni saa 48, ndipo wasome. Uliza kliniki ya ngozi Muhimbili. Na zile krimu za kung'arisha usiguse.

Bibi Kiroba: Mwanangu, mie nimekaa yadi miaka minne. Chupa tupu haina neno, ogopa kilichobaki ndani. Dumu la dawa ya choo lilinimwagikia, khanga ikashika pajani, kovu ninalo. Na jioni wakichoma yasiyouzika, ondoka. Mjukuu wangu ana pumu ya ngozi, siku ya moshi anajikuna hadi alfajiri.

Mama Wawili: Shikamoo bibi, asante. Kwetu huchoma Jumamosi, mdogo nitamwacha kwa jirani.

Mama Wawili: Nimerudi. Siku ya kumi na moja bila zile za mpira. Usiku nalala. Leo nimekata nyanya na kitunguu. Ndimu bado.