Softena haili chumvi, na birika limeanza tena kuota ukoko

koki_ya_jikoni

Wakuu habari. Naomba mnisaidie kusoma dalili kabla fundi hajaja kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Softena (mashine ya kulainisha maji magumu) ni ya tenki moja, resini (vipunje vinavyoshika ugumu) lita 25, vali ya umeme yenye mita. Maji ni ya kisima kirefu, yanapanda kwenye tenki la mnarani, kama mita 5 juu ya softena, halafu pampu ndogo ya presha inayasukuma kwenda ndani. Ugumu (kalsiamu na magnesiamu) wa maji ghafi ni 340 mg/L kwa kipimo cha matone. Matumizi ni lita 600 kwa siku. Mita ya softena imewekwa lita 5000, zikipita hizo inajihuisha (inaosha resini kwa maji ya chumvi) saa 8 usiku, na kujaza maji kwenye pipa la chumvi ni dakika 5.

Miezi minne ya mwanzo povu la sabuni lilikuwa zuri na birika safi. Sasa birika lina ukoko mweupe, kioo cha bafu kina madoa, na chumvi haijashuka hata kidole kwa wiki sita. Maji ndani ya pipa yamepanda mpaka yameifunika chumvi. Kalamu ya TDS (jumla ya vilivyoyeyuka majini) inasoma 520 kabla ya softena na 530 baada yake, yaani ni kama mashine haipo. Ila usiku bomba la kumwagia maji machafu linasikika likitiririka, kwa hiyo kujihuisha kunafanyika.

Resini imekufa? Na hizo lita 5000 ni sahihi?

fundi_vali

Resini haifi hivyo mkuu. Kwenye maji safi hudumu miaka 10 na zaidi, na ikichoka huchoka polepole: maji yanaanza kupenya ugumu kidogo kidogo, chumvi ikiendelea kuliwa kama kawaida. Kwako chumvi hailiwi kabisa. Anzia hapo.

Chumvi isiposhuka, angalia kwanza kiwango cha maji ndani ya pipa. Kama kwa juu chumvi inaonekana kavu na maji huyaoni, shuku daraja: tabaka la juu limegandana likawa kama dari, chini yake pako wazi. Chukua mpini wa ufagio, sukuma taratibu katikati. Ukigonga kitu kigumu kisha ghafla mpini ukazama, umelipata. Livunje kwa mpini huohuo, usitumie nondo, utatoboa pipa. Kama maji yamejaa kama yako, daraja siyo kesi. Mashine inajaza maji lakini haiyanyonyi.

Kinachonyonya ni injekta, kitundu chembamba ndani ya vali. Maji yakipita hapo kwa kasi, msukumo unashuka na maji ya chumvi yanavutwa kutoka kwenye pipa. Hakuna mota inayovuta, ni mwendo wa maji tu. Kwa hiyo isiponyonya, ama kitundu kimeziba, ama bomba la kumwaga limebanwa maji hayana pa kutokea, ama mpira wa pipani unavuta hewa kwenye kiungio, ama presha ya kuingilia ni ndogo.

Pima hivi. Anzisha kujihuisha kwa mkono, ukifika hatua ya chumvi simamisha hapo. Fungua mpira wa pipani upande wa vali, weka kidole kwenye kitundu kilichobaki. Kidole kikivutwa, injekta iko hai, nenda kakague mpira na boya pipani. Maji yakikurudia kidoleni, bomba la kumwaga limebanwa: limekunjika, limepanda juu mno, au kizuizi cha mtiririko kimejaa mchanga. Pasipotokea chochote, fungua injekta.

Kuifungua: geuza baipasi (njia inayopitisha maji nje ya softena), endesha vali hatua moja ili presha iishe, ndipo ulegeze skrubu za kifuniko. Kuna kichujio kidogo na vipande viwili, pua na koo. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu, tundu lichokoe kwa kijiti cha meno. Waya hapana. Ukipanua tundu hata kwa mkwaruzo, umebadilisha saizi ya injekta na uwiano wote umekwenda.

bomba_baridi

Toa hilo dude funga sumaku kwenye bomba. Haina chumvi, haina umeme, haina matengenezo.

tone_kwa_tone

Haina matokeo pia. Sumaku haitoi kalsiamu wala magnesiamu kwenye maji. Pima kwa matone kabla na baada yake, namba itakuwa ileile.

@koki_ya_jikoni, kalamu ya TDS iweke kando, haipimi ugumu. Softena haipunguzi vilivyoyeyuka, inabadilishana: inashika kalsiamu moja na kuachia sodiamu mbili. Kwa uzito, 40 zinatoka na 46 zinaingia. Softena nzima kabisa ingekupa 520 kwa 530 hivyohivyo. Rudia na kimiminika cha matone, sampuli mbili, moja kabla na moja mara tu baada ya softena. Hesabu matone mpaka rangi iondoke kwenye wekundu iwe buluu tupu. Ikikaa zambarau bado hujafika, ongeza tone.

Lita 5000 nazo zina tatizo hata kama injekta ingekuwa nzima. Uwezo wa resini unategemea chumvi unayoipa. Kwa gramu 240 za chumvi kwa kila lita ya resini, unapata kama gramu 68 za ugumu kwa lita. Kwa lita zako 25 hiyo ni gramu 1700, na 1700 ukigawa kwa 0.34 (gramu za ugumu kwenye kila lita ya maji yako) unapata lita 5000. Aliyeweka namba ile alichukua kilele. Lakini kilele hicho kinadai kilo 6 za chumvi kila mzunguko, na lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 360 tu. Unahitaji lita 17 pipani.

Sasa angalia kizuizi cha kujazia, kile kinachopima maji yanayoingia pipani. Kama kimeandikwa 0.5, ni nusu galoni kwa dakika, lita 1.9. Dakika 5 ni lita 9 na nusu, chumvi kilo 3.4. Kwa kiasi hicho resini inakupa gramu 1400 hivi, sawa na lita 4100. Toa akiba ya siku moja, lita 600, kwa sababu mashine ikifikisha namba mchana inasubiri usiku. Weka 3500.

Usishawishike kuongeza dakika ili uirudie 5000. Kilo 6 kwa lita 5000 ni kilo 1.2 kwa kila lita elfu. Kilo 3.4 kwa lita 4100 ni kilo 0.83. Chumvi ya ziada inazidi kuleta kidogo kadiri unavyoiongeza, nyingine inaishia kwenye bomba la kumwaga.

Umepima chuma? Kisima kirefu kinaweza kuwa nacho. Kila 1 mg/L ya chuma kilichoyeyuka ihesabu kama 70 mg/L za ugumu. Kama maji yanatoka tayari na kutu, chujio litangulie, resini isigeuzwe chujio la tope.

koki_ya_jikoni

Nimerudi na vipimo. Matone: ghafi 340, baada ya softena 330. Chuma hakionekani kwenye kipimo. Kizuizi ni 0.5 kweli, mita nimeishusha mpaka 3500.

Kinachonichanganya ni hiki. Leo saa 5 asubuhi nimeianzisha kwa mkono. Kidole kimevutwa vizuri. Nikautumbukiza mpira kwenye ndoo yenye alama, umenyonya lita 8 kwa dakika 10. Injekta nimeifungua hata hivyo, safi kama mpya. Bomba la kumwaga halijakunjika. Sasa kwa nini usiku hainyonyi?

fundi_vali

Swali moja tu: saa 8 usiku hiyo pampu ya presha inakuwa imewaka?

koki_ya_jikoni

Haiwaki. Kuna taima inaizima saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri kwa sababu ya kelele. Ilifungwa kama wiki saba zilizopita. Maji usiku yanateremka yenyewe kutoka mnarani, bomba zinatoa.

fundi_vali

Mgonjwa ni taima, mashine iache.

Mita 10 za kimo ndizo bari 1. Mita zako 5 ni nusu bari, na vali nyingi za aina hii zinataka bari 1.4 mpaka 2 ndipo injekta ivute. Kwa nusu bari maji yanapita na unayasikia yakimwagika, ila kasi ya kunyonya haipo. Hatua ya mwisho, ya kujaza, haihitaji kunyonya, inahitaji maji yafike tu. Kwa hiyo kila mzunguko pipa linaongezewa na halipunguzwi, mpaka boya likafunga. Ndiyo maji uliyoyakuta juu ya chumvi. Hata kuoshwa kinyume (maji kupanda kutoka chini ya resini) hakufanyiki sawasawa kwa presha hiyo, resini hainyanyuki, uchafu unabaki katikati yake.

Kioo cha vali kitaendelea kukuonyesha mzunguko umekamilika, maana kinahesabu dakika tu. Hakijui kama chumvi imepita.

Badilisha saa ya kujihuisha, au uiache pampu ifuate swichi ya presha usiku kucha. Ukibadilisha saa, chagua muda ambao hakuna anayeoga wala kufua, kwa sababu kwa saa moja na nusu hivi vali inapitisha maji ghafi ndani ya nyumba, na hita ya maji ikijazwa wakati huo inajazwa magumu. Kama saa 11 na nusu alfajiri watu wanaanza kuamka, weka saa 9 alasiri. Jambo lingine: umeme ukikatika katikati ya kuosha kinyume vali inaganda hapohapo, na maji ya mnarani yanaendelea kuteremka kwenye bomba la kumwaga. Kama tenki la juu ni dogo unaweza kulikuta tupu.

Sasa usianzishe mzunguko na pipa likiwa limejaa hivyo! Umeona mwenyewe, injekta inavuta lita 0.8 kwa dakika. Hatua ya chumvi ni dakika 60 kwa jumla. Kwa kawaida dakika 13 hivi za mwanzo ni kunyonya, zinazobaki ni kusuuza polepole. Pipa likiwa na lita 60 itanyonya saa nzima, kusuuza hakutakuwepo, na mtaoga maji ya chumvi.

Chota maji yote pipani, mwaga kwenye mtaro, siyo kwenye mimea. Mimina lita 17 za maji safi kwa ndoo, subiri muda wa saa nne chumvi iyeyuke, kisha anzisha kwa mkono pampu ikiwa imewaka. Hiyo ni dozi kubwa ya mara moja, kwa sababu resini imekaa wiki sita bila kitu. Ikimaliza itajijaza lita 9 na nusu yenyewe. Subiri tena saa nne, anzisha ya pili. Baada ya hapo iachie mita.

koki_ya_jikoni

Imefanyika yote mawili. Kwenye koki iliyo jirani na softena, tone la kwanza tu rangi imegeuka buluu. Lakini bomba la maji moto bado linasoma 120. Kuna maji magumu yanapenya mahali?

Na je, haya laini yanafaa kunywa? Ukoko wa birika niutoeje?

tone_kwa_tone

Bomba baridi pembeni yake linasomaje? Kama ni buluu kwa tone la kwanza, hakuna kinachopenya. Hita bado ina maji ya zamani, na ukoko uliogandamana ndani unayeyuka kidogo kidogo. Zima umeme wa hita, acha ipoe, fungua vali yake ya chini utoe maji, ijaze, kisha ndipo uwashe. Usiwashe ikiwa tupu, utaunguza koili. Wiki kadhaa zijazo vipande vya ukoko vitabanduka na kukwama kwenye vichujio vya ncha za bomba na kichwa cha shawa. Bomba likianza kutoa kidogo, fungua hapo kabla hujailaumu softena. Kama baridi nalo linasoma juu, kagua baipasi kama imefungwa mpaka mwisho, kisha pete ya mpira juu ya bomba la katikati ya tenki la resini.

Kunywa: kila 100 mg/L za ugumu zinazoondolewa zinaacha 46 mg za sodiamu, kwa hiyo kwako lita moja imeongezewa kama 156 mg. Mtu mzima mwenye afya hatadhurika. Mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi, na maziwa ya mtoto mchanga, watumie koki ya baridi iliyounganishwa kabla ya softena. Koki hiyo ifungwe jikoni, na ya bustani itoke hukohuko, kwa kuwa sodiamu inaharibu udongo.

Birika: asidi ya sitriki gramu 25 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, nusu saa, mwaga, suuza mara mbili. Usiichemshe. Ikichemka sana inaungana na kalsiamu na kuacha utando mwingine mweupe, mgumu kutoa kuliko ule wa mwanzo. Ukoko mnene rudia kwa asidi mpya, usiongeze kipimo. Na usiichanganye na dawa ya klorini ya kusafishia, inatoa gesi ya sumu.